Sherehe ya Hadithi na Sanduku la Sadaka

Maneno yaliyosomwa na Kamati ya Mambo ya Watoto na Jamaa mbele ya Mkutano wa Mwaka wa wanachama wa Makongeni, Nairobi



Tumepewa heshima ya kusema mbele yenu juu ya jambo ambalo wengine huliona kuwa la watoto tu, nalo ni sherehe ya mwisho wa mwaka. Twajua kwamba mkutano huu una mambo mazito zaidi ya kuamua. Twajua pia kwamba wako waliouliza, na waliuliza kwa haki, kwa nini chama kilichoundwa kwa ajili ya kuzika wafu na kuwatunza wagonjwa kitoe hata shilingi moja ya kuwanunulia watoto mandazi. Hatukuja kuwakejeli waliouliza hivyo. Tumekuja kueleza yale tuliyoyafanya Makongeni mwezi wa Desemba 2018, na tena Desemba 2019, makosa yetu yakiwamo, ili mnapoamua kama sherehe hiyo irudi au isirudi, mjue mnaamua juu ya kitu gani.

Vyama vya namna yetu vilianza katika mji huu kabla wengi wetu hatujazaliwa. Mtu alitoka Nyanza au Ukambani akaja kufanya kazi ya reli, na alipougua hakuwa na ndugu wa kumpikia uji. Alipokufa hakuwapo wa kulipa gharama ya kumrudisha kwao. Basi wazee wakachanga. Makongeni hasa ni mtaa wa reli, maana nyumba zake zilijengwa kwa ajili ya wafanyakazi wa reli, ingawa jina lake latukumbusha mashamba ya makonge. Kaloleni, jirani zetu, walikuwa na ukumbi ambao watu waliufananisha na bunge kwa jinsi siasa zilivyojadiliwa humo. Sisi sifa yetu haikuwa siasa. Ilikuwa turubai, sufuria kubwa, na daftari la michango ya matanga.

Sifa hiyo ni njema, lakini ina upungufu wake. Mvulana mmoja wa darasa la tatu, mtoto wa mwanachama wetu, aliulizwa shuleni chama cha baba yake chafanya kazi gani. Akajibu, “Chafanya kazi ya kufa.” Tulipopewa habari hiyo tulicheka sana, kisha tukanyamaza. Mtoto hakusema uongo. Tangu azaliwe hakuwa ameona chama kikikutana ila penye msiba, na hakuwa amemwona baba yake akitoa pesa ila akiwa amenuna. Kama hayo ndiyo mafunzo ya kutoa tunayowapa watoto wetu, tutashangaaje siku za baadaye wakikataa kuchanga?

Ndipo lilipozaliwa shauri la kufanya sherehe ya jamaa nzima, baba na mama na watoto pamoja, na kuipa sherehe hiyo sura ya hadithi. Twapenda kueleza kwa nini tulichagua hadithi, wala hatukuchagua hotuba.

Huko Uingereza palikuwa na mwandishi aitwaye Charles Dickens. Mwaka 1824, alipokuwa na umri wa miaka 12, baba yake alifungwa kwa ajili ya deni, naye mtoto akatiwa kazini katika kiwanda cha rangi ya viatu. Hakusahau. Mwaka 1843, akiwa tayari ni mtu mashuhuri, alisoma taarifa juu ya watoto waliokuwa wakifanyishwa kazi migodini na viwandani, akaazimu kutoa kijitabu cha kuwasihi watu wa nchi yake wawahurumie watoto wa maskini. Kisha akabadili nia, akatunga hadithi: mzee bahili ajiwa na vizuka usiku wa kuamkia Noeli. Hadithi hiyo, A Christmas Carol, ilitoka tarehe 19 Desemba 1843, na nakala 6,000 za kwanza zilikwisha kabla ya Sikukuu yenyewe. Kile kijitabu cha kusihi, twadhani, kingesomwa na wale tu waliokwisha kuwa na huruma.

Basi twaweza kuiga njia yake pasipo kuiga theluji yake. Sisi nasi tuna hadithi, tena nyingi, na katika mtaa kama wetu, wenye watu wa makabila mengi, kila nyumba ina zake. Tulikubaliana kwamba wazee watasimulia kwa Kiswahili, ili hadithi ya Mjaluo isikiwe na mtoto wa Kikamba, na ya mtu wa pwani isikiwe na Mluhya. Hilo peke yake, hata kama tusingalifanya jambo jingine, lingalitosha kuwa faida.

Sasa tuje kwenye sherehe ya kwanza.

Ilikuwa Jumamosi, tarehe 22 Desemba 2018, saa nane mchana. Tulitangaza kwamba kila mtoto aje amevaa kama mtu au mnyama wa hadithi, na kila jamaa ije na kitu kimoja cha kuwapa wahitaji: pakiti ya unga ya kilo 2, au sabuni, au kitabu cha hadithi kilichokwisha kusomwa. Tena tukaandika, na hapa ndipo lilipoanza kosa letu, kwamba kitu hicho ndicho tikiti ya kuingilia.

Kwa macho ya kawaida sherehe ilifana. Walikuja Sungura wengi, masikio yao yamekatwa kutoka katika maboksi, na Fisi mmoja tu, kwa kuwa hakuna mtoto aliyetaka kuwa Fisi. Yule aliyekubali alivikwa gunia na kupewa chapati mbili za kumtuliza. Alikuja Abunuwasi amevaa kanzu ya mjomba wake, kanzu yenyewe ikifagia sakafu. Mabibi walipika chai na mandazi na pilau. Mlangoni tuliweka vijana wawili wenye nguvu, nao mlango ukafungwa, maana watoto wa jirani ambao hawakuwa na tikiti walikuwa wamekwisha kujaa nje.

Ndipo mzee wetu mmoja, mtu wa Nyanza, akasimama kusimulia habari za Simbi Nyaima. Wanaotoka upande wa Kendu Bay walijua mara moja. Ni ziwa dogo la chumvi lililo karibu na mji huo, na wazee husimulia kwamba hapo zamani palikuwa na kijiji. Usiku mmoja watu wa kijiji walikuwa karamuni, wakila na kunywa, akaja bibi kizee mgeni, mwenye njaa, akaomba mahali pa kukaa. Wakamfukuza. Mwanamke mmoja peke yake akampokea, naye akaonywa atoke upesi pamoja na watu wake. Ikaja mvua, kijiji kikazama na karamu yake, na mahali pake pakawa ziwa.

Mzee alikuwa amefika pale bibi kizee anapobisha hodi. Wakati uleule watoto walioko nje wakaugonga mlango wetu kwa nguvu. Mzee akanyamaza. Watoto waliokuwa ndani wakaangua kicheko, wakidhani kugonga kule ni sehemu ya hadithi, nasi watu wazima tukacheka pamoja nao. Mmoja wa wale vijana akatoka, akawafukuza wagongaji, akarudi akafunga. Mzee akaendelea mpaka mwisho, akapigiwa makofi.

Jioni, tulipokuwa tukiosha vyombo, tulihesabu mikate 11 iliyobaki. Bibi mmoja wa Kamati aliyeshika kitambaa cha kufutia sahani akasema, bila ya kumtazama mtu, “Na wale waliobisha?” Hakuna aliyemjibu.

Si hayo tu. Kabla ya kufunga sherehe tuliwaita mbele wale tuliowaandika kuwa wahitaji, tukawapa unga mkononi, watu wakapiga makofi, na picha zikapigwa. Mzee mmoja, aliyewahi kufanya kazi ya reli miaka mingi, alipokea unga wake akajifunika uso kwa kofia mpaka mpiga picha aliposogea kwa mwingine. Tuliona, tukafikiri ni haya za kawaida za wazee.

Mwezi wa Januari ndipo tulipopata habari iliyotuumiza zaidi. Mjane mmoja wa chama chetu, ambaye mumewe tulimzika wenyewe, alikuwa amewashonea wanawe wawili nguo za hadithi kwa kanga yake. Siku ile akatoka nao. Alipofika pembeni mwa ukumbi akaona kila jamaa imeshika pakiti yake, naye hakushika kitu. Akageuka nao, akarudi nyumbani. Jina lake lilikuwa katika orodha ya watakaopewa. Tulikuwa tumekusanya unga kwa ajili yake, na unga ule ule ukamzuia mlangoni.

Bwana Mwenyekiti, kama tungeliacha hapo, wale wanaosema sherehe ni ubadhirifu wangelikuwa na haki, tena sisi tungeliwasaidia kusema. Lakini tulidhani ni vema zaidi kusahihisha kuliko kuacha. Tulikutana mara nne katika mwaka wa 2019, na hatutawachosha kwa maneno yote yaliyosemwa, maana mengine yalikuwa makali. Tulikubaliana kwamba siku ya sherehe pasiwe na mtoaji wala mpokeaji. Wote wawe wageni. Kutoa kufanyike mapema, na mahali pengine.

Kwa hiyo tukatengeneza sanduku. Fundi wetu, kwa kufikiri ni sanduku la barua, alikata tundu jembamba juu yake, na siku ya kwanza pakiti ya unga ikakataa kuingia. Ikabidi msumeno utafutwe. Sanduku likawekwa kwa juma tatu katika nyumba ya mwanachama, nyuma ya pazia, mahali ambapo mtu hupita akiwa na kitu au asiwe nacho, wala hakuna ajuaye. Tuliwaomba wazazi wawaache watoto watie kwa mikono yao wenyewe. Mtoto afunge kitabu kwa karatasi ya gazeti, aandike ndani neno moja la salamu bila ya kuandika jina lake. Pesa, kwa wale waliopenda kutoa pesa, hazikuingia sandukuni. Zilipelekwa kwa Mweka Hazina, akatoa stakabadhi.

Hapo mzee mmoja alitoa hoja ambayo hatukuweza kuipuuza. Alisema kwamba sadaka isiyo na majina ni mlango wa wizi. Ni kweli. Basi tukafanya hivi: mabibi watatu walifungua sanduku pamoja kila Jumamosi, wakaandika hesabu ya vitu, si ya watu, pakiti kadhaa za unga, vitabu kadhaa, sabuni kadhaa. Walipokwenda kugawa waliandika tena hesabu ya vilivyotoka. Mweka Hazina alilinganisha hesabu mbili. Orodha ya waliopewa ilijulikana na wale mabibi watatu tu, hata Mwenyekiti hakuiona, naye twamshukuru kwa kutokuiuliza. Waligawa siku ya Alhamisi kabla ya sherehe, magharibi, kila mmoja akiwa na kikapu kama atokaye sokoni.

Juu ya vitabu tuna neno la kusema, na mtuwie radhi. Kitabu cha kemia cha kidato cha nne, kilichopasuka jalada, si kitabu cha hadithi. Shajara ya mwaka uliopita nayo si kitabu cha hadithi. Mtu asitoe kitabu kwa sababu kinamsumbua nafasi ndani ya nyumba. Mtoto anayepokea kitabu chenye kurasa zilizong'oka mwishoni amepewa mateso, kwa kuwa hatajua Sungura aliponaje. Na kwa wale wasio na kitabu cha kutoa, wala hawana cha kusoma, Kaloleni na Makadara zina maktaba ambazo ni matawi ya maktaba kuu ya McMillan. Maktaba ile ya mjini ilifunguliwa mwaka 1931 kwa ajili ya Wazungu peke yao, na baba zetu walipita nje yake tu. Baraza la Mji liliichukua mwaka 1962. Siku hizi shirika la Book Bunk, lililoanzishwa mwaka 2017 na Wanjiru Koinange na Angela Wachuka, limefanya kazi kubwa ya kuzifufua maktaba hizo. Mzazi ampeleke mwanawe. Kufika Kaloleni kwa miguu hakuna gharama.

Sherehe ya pili ilifanyika Jumamosi, tarehe 21 Desemba 2019. Mlango ulikuwa wazi. Walikuja wetu, wakaja na wa jirani, tena wengi kuliko tulivyokisia. Mikate ilikatwa vipande vitatu vitatu badala ya viwili, na pilau ilikwisha kabla ya Kamati kuonja. Mjane yule alikuja na wanawe, nguo zao zimepunguka urefu kidogo kwa kuwa walikuwa wamekua mwaka mzima. Hatukumwuliza kitu, naye hakutueleza kitu.

Safari hii hadithi ilisimuliwa na bibi mmoja mzaliwa wa Mombasa, aliyeolewa na mtu wa reli. Aliposema “Paukwa!” ukumbi mzima ulijibu hata yeye akashtuka. Alichagua Sultani Darai, hadithi ya zamani sana, ambayo Edward Steere aliichapisha London mwaka 1870 pamoja na nyingine alizosimuliwa na watu wa Unguja. Maskini mmoja, Haamdani, huchakura jaani akitafuta punje za mtama. Siku moja aokota thumuni, amnunua paa. Paa huyo ajua kusema, na kwa akili zake ampatia bwana wake jina jipya la Sultani Darai, na binti wa sultani wa kumwoa, na jumba la nyoka mwenye vichwa saba, ambaye paa mwenyewe amwua. Kisha paa augua. Yule bwana, aliyeketi sasa juu ya mito, aamuru paa apewe uji mbaya wa mtama. Paa afa kwa uchungu. Na siku moja bwana ashtuka, ajiona yuko jaani, anachakura kama zamani.

Watoto walikuwa wakiigiza huku bibi akisimulia. Mvulana aliyekuwa Haamdani, mwenye umri wa miaka tisa hivi, alipofika mahali pa kumnyima paa chakula chema, akakataa kusema maneno yake. Bibi akambembeleza, “Sema, mwanangu, ni hadithi tu.” Mtoto akajibu, “Hata katika hadithi sitaki, Bibi.” Bibi akamwambia kwamba asiposema hadithi haitaisha. Akasimama muda mrefu, kichwa chini, kisha akayasema kwa sauti ndogo hata waliokaa nyuma hawakusikia. Ukumbi ulikuwa kimya. Hatudai kwamba mtoto huyo alitoka pale akiwa mkarimu. Nusu saa baadaye tulimtenganisha na Sungura mmoja waliokuwa wakigombea soda. Lakini twajua kwamba alikwisha kuonja kwa ulimi wake mwenyewe jinsi maneno ya kunyima yalivyo machungu, na hakuna hotuba ya Kamati ambayo ingelimwonjesha hayo.

Tarehe 13 Machi 2020 ilitangazwa kwamba ugonjwa wa korona umeingia nchini, na Desemba ya mwaka ule hapakuwa na sherehe. Tangu hapo wengi wetu wamehama Makongeni. Wako Kayole, wako Ruai, wengine wamerudi mashambani. Watoto waliokuwa Sungura sasa wamebalehe, nao hutukumbusha kila wanapotuona.

Ama kwa habari ya fedha, hatuombi shilingi yoyote kutoka katika mfuko wa matanga. Mfuko huo usiguswe. Twaomba ruhusa ya kufungua daftari lake peke yake, la hiari, na gharama ya chai na chakula itoke humo tu. Kikipungua, tutapika uji. Twaomba pia mkutano huu uteue mabibi watatu wa kushika orodha, wasiotoka katika Kamati yetu, kwa sababu sisi tumekwisha kujulikana na nyuso zetu zikionekana mlangoni magharibi zitaeleza yote.

Sanduku lingali zima. Liko kwa fundi, ametia bawaba mpya. Yule mzee wa Nyanza amekubali kusimulia Simbi Nyaima mara ya pili, kwa sharti moja, kwamba asimame karibu na mlango ulio wazi na watoto wa nje wapewe nafasi ya kubisha wenyewe hadithi itakapofika hapo. Ametuomba tutafute viti zaidi.